Udongo wa Kwenda Natta

Ghati mwanangu,

Fulana yako nyeupe haikuliwa na mbuzi. Niliianua mimi kwenye kamba, nikaikata vipande vinne kwa wembe, nikavizika ardhini. Sijamwambia mtu yeyote hapa nyumbani jambo hili. Mjomba wako Chacha alimtetea mbuzi siku ile, akasema mbuzi mwenye akili zake hawezi kula nguo iliyotoboka kwapani, lakini wewe hukukubali. Ulimfuata mbuzi hadi kwenye migomba ukamkemea kama mwalimu wa zamu, naye akakutazama huku anatafuna. Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni nachambua dagaa. Niliinamisha kichwa nikaendelea kuchambua.

Nitakueleza kwa nini niliizika. Kesho asubuhi gari la Mugumu likipita hapa Nyamwaga utapanda na bibi yako, akupeleke Natta kwa mama yako. Sasa hivi ni Jumapili alasiri, umekwenda kuwaaga rafiki zako, na nyumba imetulia kiasi kwamba namsikia kuku akitembea. Bibi yako amekwisha kukuambia habari za mswaki, za kumwamkia shikamoo kila mtu mzima hata aliyenuna, na za kutokwenda kuokota kuni peke yako kwa sababu huko tembo hufika hadi mashambani. Hayo siyarudii.

Mama yako Bhoke alipopata kazi ya kufua mashuka kwenye kambi ya watalii, wewe ulikuwa unatambaa na mimi nilikuwa darasa la pili. Vitabu vyangu vyote vya shule ya msingi vina madoa ya uji wako. Nilijifunza kusoma kimya kwa sababu ulikuwa umelala mgongoni kwangu. Huku kwetu dada wa mama ni mama, na hilo neno "mdogo" kwenye "mama mdogo" ni la umri tu. Kwa hiyo nakuandikia kama mzazi, ingawa kesho kutwa ninarudi shuleni kukaa kwenye dawati kama wewe, na mbele ya watu bado sauti inanikauka.

Pale karibu na begi lako kuna kopo la mafuta ya kupikia lililofunikwa kwa kipande cha nailoni. Ndani yake kuna udongo. Bibi yako alikuja na desturi hiyo kutoka kwao. Mwanamke anapoanza bustani ya maharage mahali pageni, hubeba udongo kidogo wa bustani aliyoizoea, akatupia konzi moja kwenye kila shimo pamoja na mbegu. Alifanya hivyo alipoolewa hapa. Dada yake alifanya hivyo alipoolewa upande wa Sirari. Sasa mama yako, aliyeolewa huko Natta, amepewa na mama mkwe wake kipande cha ardhi nyuma ya nyumba, na bibi yako ameamua kwamba wewe ndiwe utakayeupeleka udongo huo, kwa kuwa mama yako aliondoka hapa kwa haraka bila kubeba kitu.

Jana nilimwona akichota. Alizunguka bustani nzima, akasimama pale alipowahi kuweka samadi nyingi kuliko pengine popote, akapiga magoti. Alichagua pale kwa sababu anakupenda. Nami ninaogopa kwamba huo ndio udongo mbaya kuliko wote tulio nao.

Nianze na matope. Huenda unaukumbuka mwaka ule wa mvua nyingi, ng'ombe walipokuwa wanasimama zizini matope yakiwafika karibu na magoti na yule ndama mweupe akaoza kwato. Mjomba wako alikuwa ameanza kufanya kazi Nyakunguru na wachimbaji wadogo. Kule wanachimba mawe, wanayasaga kwenye karasha hadi yawe unga, kisha wanauosha ule unga kwa maji na kuuchanganya na zebaki, ile inayoteleza kama maji na kung'aa kama fedha, nayo inaishika dhahabu. Kinachobaki huitwa marudio, mchanga laini wa kijivu. Marudio mazuri yananunuliwa na watu wenye matangi ambao huyasafisha tena kwa dawa zao. Yale maskini hubaki chungu nzima, hakuna anayeyataka.

Chacha aliyataka. Aliyaleta kwa mkokoteni, safari baada ya safari, akayamwaga zizini na kuyasawazisha kwa koleo. Mimi nilisukuma kwa nyuma. Matope yakanywewa, ng'ombe wakalala pakavu, na mzee jirani aliyekuja kuazima kamba akasimama mlangoni mwa zizi akitikisa kichwa.

"Mura," akamwambia Chacha kwa neno letu la kumwita kijana, "ng'ombe wako sasa wanalala hotelini."

"Wakilipa nitawawekea na televisheni," Chacha akajibu.

Bibi yako alicheka hadi akashika mlango. Babu yako alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka hivyo. Nakueleza hili ili ujue kwamba mchanga ule uliingia hapa nyumbani kama zawadi ya mtoto kwa mama yake. Ndiyo maana imekuwa vigumu kuusema vibaya.

Zizi likiwa kavu, samadi inakusanyika vizuri. Tuliikwangua pamoja na ule mchanga, tukaipeleka kwenye bustani ya maharage, msimu baada ya msimu. Mahindi ya kule juu hatukuyapelekea kwa sababu ni mbali. Tulijiona wajanja kwa kupata faida mbili kwa kazi moja.

Kosa lingine ni langu zaidi. Unajua nisivyopenda kupalilia. Magoti ya bibi yako yalipoanza kumsumbua, mimi ndiye niliyesema tununue dawa ya kuua majani kama wanavyofanya wengine. Nilisema ni kwa ajili ya magoti yake. Ilikuwa pia kwa ajili ya vitabu vyangu. Tukaazima bomba la kubeba mgongoni, la kupigia dawa bustani nzima kabla ya kupanda, na kwa kuwa mimi ndiye msomaji wa nyumba hii, nikapewa chupa nisome.

Niliyasoma maandishi yote kwa macho. Kwa sauti nikasoma kipimo tu, vifuniko kadhaa kwa bomba moja la maji.

"Na hayo mengine mekundu?" bibi yako akauliza.

"Ni mambo ya kawaida, mama."

Yale mekundu yalikuwa yanasema tusisuuze bomba karibu na maji wala mahali pa chakula. Sisi tukawa tunalisuuza kwenye kona ya bustani ya maharage, kwa sababu pipa la maji ya mvua liko pale. Nilikuwa na kitabu nilichotaka kukimaliza kabla giza halijaingia. Sikumbuki hata kilihusu nini. Tangu hapo nikimsomea mtu kitu nasoma mpaka mwisho, hata akianza kupiga miayo, na wewe ukiwasomea watu huko Natta naomba ufanye hivyo hivyo.

Maharage yalianza kuwa ya njano. Hayakufa, na hilo ndilo lililotudanganya. Yalisimama tu, madogo, na majani kama ya mgonjwa. Bibi yako akaongeza samadi. Yakazidi kuwa ya njano. Akasema kuna jicho la mtu, akaacha kuwapitisha wageni upande ule. Mimi niliona jambo jingine. Majani ya migomba tuliyotandaza msimu uliopita yalikuwa bado yana umbo la majani. Mabua ya mahindi tuliyoyafukia yalitoka mazima nilipogusa kwa jembe. Hakuna kitu kilichokuwa kinaoza.

Mwaka jana, nikiwa kidato cha tatu, mwalimu wa baiolojia alituambia kwamba kwenye konzi moja ya udongo mzuri kuna viumbe hai wengi kuliko watu wote wa mkoa wa Mara, wadogo kiasi kwamba jicho haliwaoni. Wapo bakteria, ipo kuvu yenye nyuzi nyembamba kuliko utando wa buibui, na wapo wengine wanaowala hao. Wao ndio wanaoozesha majani yawe chakula cha mimea. Wapo wanaoingia kwenye mizizi ya maharage wakajenga vinundu, wakawa wanachukua naitrojeni ya hewani na kuilisha mimea, na mimea nayo inawalipa sukari. Nilisahau kuandika, nilikuwa namtazama tu. Nilirudi nyumbani nimejaa, na wakati wa chakula, mimi ambaye huwa naomba chumvi kwa ishara, nikasimama.

Wewe ulikuwepo. Nilisema, "Bustani yetu ina tatizo la bakteria."

"Bakteria?" bibi yako akaweka chini tonge. "Kwenye bustani yangu? Kwa hiyo mimi ni mchafu?"

"Hapana, mama, bakteria ni wazuri, wamekufa."

"Wazuri, na wamekufa."

"Tumepata daktari wa udongo," Chacha akasema. "Daktari, mgonjwa umempima homa?"

Ulicheka, Ghati, na sikulaumu, hata mimi ningecheka. Nikakaa chini nikala ugali wangu. Nilielewa baadaye nilipokosea. Hapa kwetu bakteria ni neno la zahanati, linakuja pamoja na vidonge, na mimi niliwawekea juu ya meza kabla ya kuwaonyesha jani moja lisilooza. Lakini kosa kubwa kuliko hilo ni kwamba baada ya kuchekwa mara moja nilinyamaza miezi mingi. Nilijiambia kwamba mimi ni mtu wa aibu, kama vile aibu ni kilema cha mguu. Tazama, nyinyi mlicheka kidogo tu mkasahau usiku ule ule. Mimi ndiye niliyekibeba kicheko kile.

Nilimweleza mwalimu, si darasani, nilimsubiri nje ya maktaba. Aliniuliza kama tuna nguo kuukuu ya pamba tupu. Pamba ni mmea, akasema, kwa hiyo wale viumbe wanaila. Ukiizika mahali walipo wengi, inatoweka. Mahali walipo wachache, inabaki. Nilitafuta nyumba nzima. Khanga zetu zina nailoni ndani, mashati ya Chacha vivyo hivyo. Kitu pekee cha pamba tupu kilikuwa fulana yako, ile uliyoletewa na mama yako, ambayo ilikuwa imekubana lakini hukutaka kuiacha. Nisamehe kwa hilo.

Kipande cha kwanza nilikizika kwenye mahame, pale ilipokuwa nyumba ya mama mkwe wa bibi yako, mahali ambapo tangu afariki hakuna aliyetia jembe wala dawa. Cha pili nilikizika chini ya migomba, cha tatu kwenye kona tunaposuuzia bomba, na cha nne katikati ya bustani ya maharage, kwenye samadi ya zizi. Mvua za vuli zikanyesha. Kabla ya Krismasi nikavifukua, asubuhi mlipokwenda kanisani na mimi nikasema kichwa kinaniuma.

Kwenye mahame sikupata nguo. Nilipata uzi wa pindo tu, ule usio wa pamba, umejikunja kama mnyoo. Chini ya migomba nilipata kitu kama wavu. Kwenye kona ya bomba kipande kilikuwa cheusi, kimetoboka hapa na pale. Na kile cha katikati ya bustani kilitoka kizima. Nilikifua kwa sabuni kikarudi kuwa cheupe. Ungeweza kukishona tena kwenye fulana yako.

Nilikaa na kile kipande mkononi, jua likiwa limeshapanda. Hapo ndipo pahali tulipopamba kwa samadi kuliko pote, nacho kitambaa cha mtoto kimekaa mvua nzima hakuna aliyekigusa.

Nilimpelekea mwalimu, akakigeuza pande zote mbili. Akaniambia nisiseme zaidi ya ninachokijua, nami nakupa onyo hilo hilo. Kitambaa hakiwezi kusema ni zebaki. Kinasema tu kwamba waozeshaji hapa ni wachache au wamedhoofika. Ili kujua ni nini kimewafanya hivyo, udongo inabidi upelekwe maabara, na shule yetu haina hata darubini inayofanya kazi. Lakini alinieleza mambo mawili ambayo yamekaa nami.

La kwanza, dawa ya majani na madini mazito si shida ya aina moja. Dawa, hata ikiwadhuru baadhi ya viumbe wa udongoni, wapo wengine wanaoweza kuivunjavunja na kuila taratibu, ukiwapa muda na ukiacha kuwamwagia nyingine. Zebaki, risasi na shaba zinazotoka na yale mawe haziliwi zikaisha. Zinaweza kubadilika umbo, zinaweza kuhama na maji, lakini haziozi. Na zikiwapunguza wale wanaovunja dawa, basi dawa nayo inakaa muda mrefu kuliko ingekaa. Kona ya bomba ilikuwa inaumwa. Katikati ya bustani, palipokuwa na vyote viwili, ndipo palipolala kabisa.

La pili, udongo wa namna hiyo haubaki mtupu. Wapo wanaovumilia madini, nao huongezeka wakachukua nafasi ya waliokufa. Niliwaza kijiji ambacho watu wamehama wote isipokuwa wachunga ng'ombe. Ukipita kwa mbali unaona moshi, unasema kijiji kipo. Lakini hakuna mkunga, hakuna fundi, hakuna anayejua kufinyanga chungu, na mtoto akizaliwa usiku ndipo mnapojua nani hayupo.

Nilipanda pia mbegu chache za maharage kule pembeni ya mahame, kwa siri, bila jembe, kwa kidole. Niling'oa mche mmoja wa kule na mmoja wa bustanini nikailinganisha mizizi. Wa mahame ulikuwa na vinundu vingi kama shanga, na nilipokipasua kimoja kwa ukucha ndani kilikuwa cha waridi, kama nyama. Wa bustanini ulikuwa na viwili tu, vidogo, vyeupe ndani. Mwalimu alisema rangi ya waridi ndiyo alama kwamba kazi inafanyika.

Nikaelewa konzi ya bibi yako. Wanawake wa kwao walikuwa wanahamisha wale viumbe wa vinundu kutoka bustani hadi bustani, wanawapeleka kwa waume zao wapya pamoja na mbegu. Ni desturi nzuri. Ningeipenda uirithi. Lakini kwenye kopo lako hao wa vinundu ni wachache au hawapo, na kilichopo badala yao, kama hofu yangu ni ya kweli, ni kitu ambacho bustani ya mama yako haitaweza kukiondoa tena. Kopo moja ni kidogo. Mwalimu angesema kiasi hicho pengine hakitadhuru mahali pakubwa. Lakini maharage hayo yatapandwa shimo kwa shimo, konzi kwa konzi, na wewe utakuwa unayachimba mashimo hayo kwa mikono yako.

Sasa nikuambie nilichokuwa nimepanga. Nilipanga kuikunja barua hii na kuiweka chini kabisa ya begi lako, ndani ya sketi ya shule, uisome ukiwa umeshafika. Na mwisho wake ningekuandikia: umwage udongo huo, usimwambie bibi. Nilikuwa nimeshaandika maneno hayo hapa chini. Ukiangalia vizuri utaona yamekatwa kwa wino.

Niliyakata kwa sababu niliyasoma tena kwa sauti ya chini, kama vile wewe ndiwe unayeyasoma. Una miaka kumi. Ungesimama nyuma ya nyumba ya watu usiowajua, bibi yako yupo pale pale amekuja na wewe, anasubiri kuona konzi ya kwanza ikiingia shimoni, na wewe ndiwe ungeamua kama utamdanganya au utamkatalia. Ningekuwa nimekupa wewe ubebe kile ambacho mimi na miaka yangu kumi na saba na vitabu vyangu vyote nimeshindwa kukibeba kutoka chumbani hadi jikoni. Na kwa muda mrefu nimekuwa nikiamini kwamba kuandika ni ujasiri. Wakati mwingine ni njia ya kutokuwepo.

Kwa hiyo naiweka kalamu chini. Nitaendelea nikirudi.

*

Nimerudi. Ng'ombe wameshaingia na mikono yangu inanuka zizi, lakini naandika kabla hujaitwa kula, ili nikupe barua hii mkononi.

Nilimkuta bibi yako nyuma ya jiko anachagua mbegu zako kwenye ungo. Chacha alikuwa amekaa kwenye kigogo anakarabati tochi yake. Nilitamani asiwepo, kisha nikaona ni afadhali yupo.

"Mama," nikasema, "huo udongo wa kwenye kopo usiende Natta."

"Usiende kwa nini?"

Safari hii sikuanza na bakteria. Nilianza na fulana.

"Kwa hiyo ulimsingizia mbuzi," akasema.

"Ghati ndiye aliyemsingizia. Mimi nilinyamaza."

"Ni hayo hayo. Kilete hicho kipande."

Nikakileta. Alikishika kwa mikono miwili akakivuta kwa nguvu, kama anavyojaribu kitambaa sokoni. Hakikuchanika. Nikamwambia kilikaa wapi, na vile vingine vilikuwaje. Nikamwambia habari ya mchanga wa zizi, na habari ya maandishi mekundu kwenye chupa ambayo sikumsomea. Chacha aliacha tochi. Sauti haikunikauka.

"Miaka yote hii nazidisha samadi," bibi yako akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na wewe umejua tangu lini?"

"Tangu kabla ya Krismasi."

"Ukakaa nalo."

"Nilikaa nalo."

Aliendelea kuchagua mbegu. Alitoa moja yenye tundu akaitupa kwa kuku. "Sasa mtoto aende kwa watu mikono mitupu?"

"Aende na mbegu. Kule wameshalima maharage miaka mingi, udongo wao utakuwa nao wale wa mizizi."

"Na sisi tunaobaki hapa, tunaokula hayo maharage?"

Nilimwambia sijui. Nilimwambia mwalimu ameahidi kwenda nami kwa afisa kilimo kuuliza jinsi ya kupeleka udongo upimwe, na kwamba hadi hapo nafikiri bustani ihame. Aliniuliza ihamie wapi. Nikatazama upande wa mahame.

"Pale kwa mama mkwe wangu hapalimwi," akasema.

"Najua."

"Nikirudi kutoka Natta nitakwenda pale kumwomba marehemu." Akanyanyuka kwa kushika goti. Akalichukua kopo lililokuwa karibu na begi lako, akalipeleka bustanini yeye mwenyewe, akaumwaga ule udongo pale pale alipouchota na kuukanyaga kwa mguu. Alirudi polepole kuliko alivyokwenda. Usimuulize kuhusu hilo kesho kwenye gari. Akitaka atakueleza.

Chacha alikuwa bado amekaa. "Daktari," akaniita, akaichukua tena tochi. Baadaye akasema, "Ungekuwa mchanga mtupu ningewatafuta wenye matangi. Sasa nani atanunua marudio yenye mavi ya ng'ombe?"

Bibi yako akatoa sauti ndogo ya kicheko puani, na mimi nikajua tumevuka.

Tulikubaliana mchanga wote utoke zizini, ukae kule juu kwenye mwamba ambako hakuoti kitu, mbali na kijito, ufunikwe kwa turubai hadi tupate mtu wa kutuambia pa kuupeleka. Chacha alisema tuanze wiki ijayo. Mimi nilichota ndoo mbili za maji, nikayanyunyiza zizini ili vumbi lisipande, nikajifunga khanga puani, nikachukua jembe na kuanza kukwangua kuanzia mlangoni. Nilijaza gunia moja. Lilikuwa zito nikashindwa kulinyanyua, nikamwita Chacha, akaja.

Mama yako mdogo,
Robi